Kabureta ya Mzee Massoudi

Buyenzi, Avenyu ya 12,
Bujumbura.
Tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa kaka yangu Haitham,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umekaa, umeshakula, na mlango umefungwa, maana nataka uisome peke yako kwanza. Vipi mgongo wa wifi yangu Lamya? Na wewe, sukari yako unaiangalia, au bado unawaambia watu kwamba tende haihesabiwi? Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Shakuru ana kile kikohozi chake cha kiangazi; vumbi likitulia na yeye atatulia. Mimi mwili hauna neno, ila kichwa kinanigonga tangu asubuhi mpaka jioni, na mwenye kukigonga utamjua sasa hivi.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Kaka, wewe ukipokea sauti kwenye simu unaifungulia dukani kwa nguvu zote. Kabla hujamaliza kuisikiliza, Muscat imeshasikia, na kabla Muscat haijamaliza, huku Buyenzi wameanza kunipigia. Mara ya mwisho nilikueleza habari za jino langu, nikaja kuulizwa hali ya jino hilo na mtu wa Rumonge ambaye simjui kwa sura wala kwa jina. Kwa hiyo barua hii anakuletea Tajudini, yule muuza vitenge, ambaye safari yake inapitia huko kwenu. Nimeigandisha kwa gundi pande zote. Ukiimaliza ichane.

Nyumba ya Kibenga usiwe na wasiwasi nayo. Maji ya ziwa yamerudi nyuma, wapangaji wamerudi, na ukuta wa nyuma umebaki na unyevu ambao nimeambiwa utakauka wenyewe. Mimi siamini kwamba utakauka wenyewe, lakini kwa sasa sina nafasi ya kugombana na ukuta.

Nagombana na mdogo wetu Azhar.

Unamjua Azhar. Miaka arobaini na kitu, mvi zimeshaingia kwenye ndevu, hana mke, na gereji yake ni uani kwangu. Pikipiki za siku hizi hazitaki, anasema hazina roho. Yeye anataka zile za zamani, zilizokwishasahauliwa na waliozitengeneza. Watu wanamletea kutoka Kinama, kutoka Gatumba, mpaka kutoka ng'ambo ya mpaka kule Uvira. Nikitaka kuanika nguo lazima kwanza niombe njia kwa pikipiki za watu waliozaliwa kabla yangu.

Mafundi wengine ukiwapa kabureta waisafishe, wanafungua lile bakuli la chini, wanapuliza kwa mdomo, wanatema, wanafunga, unaondoka. Azhar anafungua mpaka skrubu ambayo haijaguswa tangu itoke Japani. Anatoa boya, anatoa sindano, anatoa vile vipande vya shaba vyenye matundu membamba yanayopitisha esansi, petroli mnavyoiita huko, anavipanga juu ya kitambaa cheupe kama vyombo vya mpasua watu. Halafu anavitazama. Kutazama tu kunamlia asubuhi nzima. Mipira anaiweka mbali, kwa kuwa anasema dawa ya kusafishia inaivimbisha. Tundu la shaba haliingizii waya hata ukimshikia panga, maana waya unalipanua na pikipiki inaanza kunywa esansi kupita kiasi. Anatumia unywele wa brashi. Brashi gani? Brashi yangu ya nguo, kaka, ile uliyoniletea wewe. Sasa ina upara katikati.

Nikimwambia Azhar, yatosha, ni safi, ananijibu maneno yale yale. "Apana, dada. Safi ya kuona kwa macho haiko safi."

Hayo nimeyazoea. Yaliyonitoa jasho ni mambo ya Mutakura.

Mzee Massoudi wa Mutakura unamkumbuka, rafiki wa marehemu baba, aliyenunua pikipiki wiki moja na baba, zote mbili nyekundu. Ya baba ilishakwenda zamani. Yake ipo mpaka leo, na kila wiki anaipanda kwenda Carama kuangalia mihogo na nyanya zake, na umri ule alio nao. Anakaa na binti yake Nura, yule mshonaji, aliyerudi kwa baba yake baada ya mama yake kufariki. Basi Azhar na Nura wanatakana. Si habari ya kuniambia mtu, nimeona kwa macho yangu: Azhar alikwenda kushonesha suruali moja mara nyingi mpaka haikuwa na sehemu ya kushona tena. Baada ya Idi, Shakuru akachukua wazee wawili wakapeleka neno, kwa kuwa wewe uko mbali.

Mzee Massoudi akawasikiliza mpaka mwisho. Pikipiki yake wakati huo ilikuwa imeanza ugonjwa: inawaka vizuri, inaondoka vizuri, na ikikaribia barabara kubwa inakohoa na kuzima. Ikipumzika kidogo inawaka tena, halafu inazima tena. Mafundi wa Mutakura wote walikuwa wameshaishika. Basi mzee akasema mbele ya wote waliokaa, nusu mzaha nusu kweli, "Azhar anasema yeye ni fundi. Atengeneze hii kwanza. Siku ikinifikisha Carama, tutazungumza habari ya Nura." Watu wakacheka. Lakini neno la mzee mbele ya watu limeshatoka, halirudi ndani, na tangu siku hiyo ndoa ya ndugu yako inaning'inia kwenye kabureta.

Azhar akafurahi, masikini. Akaniambia, "Dada, hiyo ni kazi ya siku moja."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo adabu zake zilipomponza. Unajua esansi hapa ilivyo. Watu wanapanga foleni mpaka wanajuana ukoo. Fundi yeyote anayeshika tangi la mtu anadhaniwa amenyonya. Kifuniko cha tangi la Mzee Massoudi kina ufunguo, na Azhar akasema hawezi kumwomba mkwe wake ufunguo wa tangi, itakuwa kama anamwambia, nipe nikuibie. Kwa hiyo tangi hakuligusa. Alifunga chupa yake mwenyewe, yenye esansi yake mwenyewe, akaitundika juu ya msumari wa kamba yangu ya nguo, akaunganisha mpira mpaka kwenye kabureta, na hivyo ndivyo alivyoijaribu. Na kuiendesha barabarani pia alikataa. Ati pikipiki ya mkwe huipandi kabla mwenyewe hajaipanda. Akaikodia kamioneti ya jirani, ile gari ndogo ya mizigo, kuirudisha, kama bibi harusi.

Uani kwangu, kaka, pikipiki ile ilikuwa inanguruma mchana kutwa bila kuzima. Moshi ulikuwa kwenye nguo zangu, kwenye mapazia, kwenye unga. Ikirudishwa Mutakura, mzee anaipanda, na karibu na barabara kubwa inazima. Anarudi anaisukuma, anatukana kimya kimya, na simu inalia kwetu.

Azhar anaifungua tena. Anasema kuna njia ndogo ndani ya kabureta ambayo bado ina taka. Anaisafisha. Inanguruma uani kwangu. Inarudi Mutakura. Inazima. Anaifungua tena. Mimi nikaanza kuota skrubu.

Na wewe, Haitham, wewe nina neno na wewe. Mtu anaungua, wewe unamletea kuni. Ulipotuma ile sauti yako ndefu kutoka Muscat, ukasema aichemshe kabureta kwenye maji ya ndimu, kwamba huko wote wanafanya hivyo na inatoka inang'aa kama fedha, ulijua atachemshia kwenye nini? Alichemshia kwenye sufuria yangu kubwa ya biriani. Nilikuwa nimekwenda sokoni. Narudi, nakuta mbabula ya mkaa imewaka, ndimu zangu zote za achari zimekamuliwa, na ndani ya sufuria kuna chuma kinachemka kama kichwa cha mbuzi, na Azhar amechuchumaa anakoroga kwa mwiko.

Nilimuuliza, "Azhar, wewe una akili?"

Akanijibu bila kugeuka. "Kaka Haitham ndiye amesema."

Niliisugua sufuria ile kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu nyingine. Wiki ile ile tulikuwa na khitma ya marehemu mama. Wageni wetu wana heshima zao, hakuna aliyesema kitu, isipokuwa mama mmoja wa jirani aliniuliza kwa upole kama nimebadilisha bizari. Nilitamani ardhi inimeze. Na kabureta, ndiyo, ilikuwa inang'aa kama fedha. Ikarudi Mutakura ikazima palepale.

Kufikia hapo Buyenzi nzima ilikuwa na lake la kusema. Wengine wanasema pikipiki ina jini. Wengine wanasema Mzee Massoudi hataki kumtoa binti, anajichekea tu. Vijana wakipita mbele ya mlango wananiuliza, "Mama Houda, harusi imekwisha kusafishwa?" Azhar akaacha kwenda barazani. Akaacha kula vizuri. Usiku namsikia anatembea uani. Hasira zangu zote kwake, chini yake kulikuwa na huruma, nakwambia kweli, lakini huruma yenyewe ilikuwa inatoka kwa kelele.

Basi nikajifunga kitenge nikaenda Mutakura mwenyewe. Nikasema, kama Azhar anaona aibu kuomba ufunguo wa tangi, mimi sina mkwe pale, nitauomba mimi. Mzee alikuwa amelala. Nikamkuta Nura kwenye cherehani. Sikukaa hata chini. Nikamwambia: Nura, mwanangu, nipe ufunguo wa lile tangi nimpelekee Azhar alitazame ndani, maana kabureta imeshasafishwa mpaka imebaki kidogo itoweke, na mimi nimechoka na moshi, nimechoka na kuchekwa, na nyinyi wawili mnazeeka mnatazamana.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Alikuwa akinitazama tu. Halafu akaanza kulia, bila sauti, machozi yanaanguka kwenye kitambaa cha mtu.

Aliniambia hivi. Wakati esansi ilipokuwa shida zaidi, watu wa Mutakura walianza kuweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko cha tangi, ili esansi isipotee kwa jua. Na yeye akaweka, kama wengine, bila kumwambia baba yake, kwa kuwa yeye ndiye anayefungua na kufunga tangi. Wiki hiyo pikipiki ikaanza kuzima. Azhar alikuja kunieleza baadaye kwa nini: kifuniko kina kitundu kidogo cha kuingizia hewa, na hewa ikikosa kuingia, esansi inakataa kushuka. Pikipiki inakunywa kile kilichopo kwenye bomba, halafu inakufa kwa kiu wakati tangi limejaa. Ikisimama, hewa inapenya polepole, inapata nguvu tena ya mwendo mfupi. Kabureta haikuwa na kosa hata siku moja.

Nura hakujua hayo yote. Alijua tu kwamba ameweka nailoni na baba yake ameanza kurudi nyumbani kwa miguu.

Nikamuuliza, sasa mbona hukuitoa?

Kaka, Mzee Massoudi haoni. Jicho la kushoto limekwisha kabisa, na la kulia linafuata. Ni presha ya macho, daktari amesema hakuna miwani wala upasuaji wa kulirudisha. Amemkataza Nura kumwambia mtu. Chai anamimina nje ya kikombe, anasema kikombe ni kibovu. Mwezi mmoja kabla ya mambo ya nailoni aligonga baiskeli ya muuza mkaa iliyokuwa imesimama, mchana kweupe, akasema ni breki. Ule ufunguo wa tangi Nura anauvaa yeye kwa sababu mzee tundu lake halioni tena, si kwa sababu ya wezi. Nura alimwomba aache kupanda pikipiki. Alimpigia magoti. Mzee akamjibu kwamba siku atakayoacha kuipanda ni siku atakayobebwa na watu wanne.

Nura akaniuliza, na maneno yake sijayasahau. "Dada Houda, nikitoa ile nailoni, mi naolewa. Na baba anakufa kwa barabara. Nikiiacha, baba iko nyumbani, na mi nabaki na cherehani. We ungefanya nini?"

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumwaga gunia zima, nikaishia kukaa chini kwenye mkeka. Kila mara pikipiki ilipozima, yule binti alikuwa anaisogeza harusi yake mbali kwa mkono wake mwenyewe, na jioni anampikia baba yake, na baba yake anamlaumu Azhar. Naye anasikiliza.

Mwishowe akavua ufunguo akanipa. "Mupe Azhar. Yeye aseme. Mi nitakubali."

Pikipiki ilikuwa tayari kwetu, imefunguliwa tena, vipande viko kwenye kitambaa cheupe. Nilimweleza Azhar kila kitu. Aliifunga kabureta taratibu, skrubu kwa skrubu, akaunganisha bomba la tangi lenyewe, halafu akafungua kifuniko kwa ufunguo. Tangi likavuta pumzi, nililisikia mimi niliyekuwa mlangoni. Akaitoa ile nailoni, akaiweka juu ya kitambaa, akaipanda pikipiki ya mkwe wake kwa mara ya kwanza, akatoka.

Alizunguka Buyenzi yote. Nilikuwa nasikia sauti yake inakwenda na kurudi, inapita upande wa msikiti, inapita upande wa soko, haikohoi, haizimi. Watu walitoka nje kutazama. Alivyorudi uso wake ulikuwa umefunguka kama zamani alipokuwa mtoto. "Dada," akaniambia, "kabureta iko safi. Nilisema."

Alisema, ndiyo. Alikuwa na haki tangu mwanzo, na mimi niliyempigia kelele sikuwa nayo.

Halafu akakaa kwenye kibao chake, akawa anaitazama pikipiki kwa ule utazamaji wake. Nitakwambia ukweli wa moyo wangu, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu: kuna upande wangu uliotaka ainuke, ampelekee mzee pikipiki yake nzima, achukue mke wake, na barabara ya Carama Mungu ataijua. Nimemlea Azhar mimi baada ya mama. Nimechoka kumwona anakula peke yake. Nilifungua mdomo kumwambia hivyo, nikaufunga.

Akainuka akanawa mikono. Akaingia jikoni kwangu akachukua kipande cha nailoni, ile ninayofungia chumvi, akakikata mviringo kwa mkasi, akakipima kwenye kifuniko, akakikata tena. Nikamuuliza kwa nini asirudishe ile ya Nura. Akasema ile imeshaanza kuliwa na esansi, vipande vyake vingekuja kudondoka ndani ya tangi na kushuka mpaka kwenye kabureta. Hata katika jambo hilo, kaka. Aliiziba pikipiki ile vizuri zaidi ya alivyoiziba Nura, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akanipa nimrudishie mwenyewe.

Kesho yake baada ya Alasiri tukaenda Mutakura, yeye na pikipiki kwenye kamioneti, mimi nyuma na sahani ya kaimati ili nipate sababu ya kuwapo. Mzee Massoudi alikuwa kibarazani na wenzake waliotoka msikitini. Mimi nikasimama mlangoni kwa ndani, pamoja na Nura. Azhar akashusha pikipiki, akaja mbele yao, akasema kwa sauti ya kusikika, "Muzee, nimesafisha kila kitu. Imenishinda."

Wakacheka, walikuwa na haki ya kucheka. Mmoja akamuuliza kama ndimu zimekwisha sokoni. Mwingine akasema fundi wa Buyenzi ameshikwa na kabureta, basi tumtafutie kazi ya kuuza ndizi. Azhar, ambaye hajawahi kukubali mbele yangu kwamba kuna skrubu iliyomshinda, alisimama pale akapokea yote. Hakumtazama Nura hata mara moja. Nura alikuwa amenishika kitenge changu kwa nyuma.

Mzee Massoudi peke yake hakucheka. Akangoja kicheko chao kiishe. Akasema, "Hakuna mutu anasafisha kabureta kama huyu. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Kama yeye imemushinda, basi imekwisha. Muiingize ndani ikae."

Halafu akanyoosha mkono kumshika Azhar mkono. Mkono ukaenda pembeni, ukaenda mahali ambapo hapakuwa na mtu. Azhar akasogea haraka, akaupeleka mkono wake kule ulikokuwa ule wa mzee, akaupokea, na wale wengine hawakuona kitu. Mimi niliona. Mzee akaushika mkono ule muda mrefu, hakuuachia, kama anausoma. Sijui alisoma nini. Mpaka leo sijui kama ameelewa yote, au sehemu, au hakuelewa kitu.

Akageuza uso upande wa mlango. "Houda, uko hapo? Mwambie Haitham anipigie simu. Habari ya binti yangu mi nasema na mukubwa wa nyumba yenu. Siwezi kusema na pikipiki."

Kwa hiyo, kaka, ndiyo kazi yako, na ndiyo maana Tajudini anabeba bahasha. Mpigie. Mpigie baada ya Alasiri, na usimpigie ukiwa dukani. Siku hizi Azhar ndiye anayempeleka Carama kwa pikipiki yake mwenyewe, mzee amekaa nyuma, anamkaripia njia nzima kwamba anaendesha kama anabeba mayai. Usimwulize habari ya pikipiki nyekundu. Usimpe ushauri wa kabureta, nakuomba, wala wa kitu kingine chochote kinachochemshwa. Mwombe binti yake kwa jina la marehemu baba, umsikilize mpaka mwisho. Na akikwambia kwamba macho yake ni mazima, anaona mpaka ng'ambo ya ziwa, wewe sema alhamdulillahi.

Nisalimie sana Lamya, mgongo wake aupake mafuta ya habbat soda asiyadharau. Nisalimie kijana wako Jaffar, na umwambie sauti yake imekuwa nene kwenye simu nikadhani ni wewe. Shangazi Miza mbusu mikono kwa ajili yangu. Shakuru anakusalimu, na Azhar angekusalimu kama angejua naandika. Mwenyezi Mungu awalinde mlipo, awape riziki ya halali na macho ya kuonea wajukuu, na atukutanishe kabla hatujasahauliana sura. Amina.

Ni mimi dada yako akupendaye hata akikugombeza,

Houda